Moja, mbili, nne: uzi kuhusu hesabu za kichwani na kuchanganya rangi

Mwalimu wa Langoni

Assalamu alaikum. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu wazazi kadhaa hapa Lamu wameniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, kama michezo ya simu inayochanganya hesabu za kichwani na rangi inawafaa watoto, na kama ni kweli kwamba inaongeza akili. Michezo hiyo ina sura nyingi lakini msingi wake ni mmoja: mchezaji hupewa namba ya kufikia pamoja na rangi ya kufikia, kisha huunganisha vibao vyenye namba na rangi mpaka vyote viwili vitimie, huku muda ukihesabiwa. Mimi huwasomesha hesabu watoto wa mtaa kila alasiri wanapotoka chuoni, kwenye daka la nyumba yetu, na kwa miaka miwili sasa tumekuwa tukicheza mchezo wa namna hiyo bila simu, kwa vizibo vya soda na rangi za maji. Nitaeleza tunavyoucheza, kisha nitasema ninaloamini kuhusu hiyo akili.

Tulianza na vizibo vya rangi tatu. Nyekundu tukaipa 1, buluu 2, na manjano 4. Namba hizo nilizifikiria sana kabla ya kuzipaka. Ukijumlisha nyekundu na buluu unapata 3, na 3 ni zambarau. Nyekundu na manjano ni 5, nayo ni rangi ya chungwa. Buluu na manjano ni 6, nayo ni kijani. Zote tatu ni 7, na yeyote aliyewahi kuchanganya rangi hizo katika kikombe kimoja anajua kwamba hutoka hudhurungi ya matope. Kila jumla ina rangi yake moja tu, na kila rangi ina jumla yake moja tu. Lau ningezipa 1, 2 na 3, mtoto akisikia "tatu" asingejua kama ni manjano yenyewe au ni nyekundu na buluu zilizochanganywa, na mchezo ungevurugika siku ya kwanza.

Tunaanza polepole. Ninataja namba, mtoto anataja rangi: sita, kijani, tano, chungwa. Wakishazoea sitaji tena namba bali hesabu, kwa mfano "kumi na tatu toa saba", na mtoto lazima apite kwenye sita kabla ya kufika kwenye kijani. Kisha tunageuza: "kijani toa manjano", na jibu ni buluu, kwa sababu sita toa nne ni mbili. Hatua ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Ninaandika 6 kwa wino mwekundu, nao watakiwe kutaja rangi ya namba, si rangi ya wino. Mwaka 1935 Mmarekani John Ridley Stroop alionyesha kwamba mtu huchelewa kutaja rangi ya wino pale ambapo neno lililoandikwa kwa wino huo ni jina la rangi nyingine, kwa kuwa kusoma ni mazoea yasiyomngoja mwenyewe. Mvutano unaofanana na huo ninauona kwenye daka kila alasiri: mtoto anafungua kinywa kusema nyekundu, anajizuia, midomo inahesabu kimya, kisha anasema kijani.

Sasa kuhusu akili. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Adrian Owen na wenzake, uliofanywa kwa ushirikiano na BBC, ambapo watu 11,430 walifanya mazoezi ya ubongo kwenye kompyuta kwa wiki sita. Walipata uhodari katika mazoezi yale yale waliyoyarudia, lakini uhodari huo haukuhamia kwenye kazi nyingine, hata zile zilizokaribiana nayo. Mwaka 2016 kampuni ya programu ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 ili kumaliza madai ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kwamba iliwapotosha wateja kuhusu faida za michezo yake. Kwa hiyo mzazi akiniuliza, humwambia kwamba mtoto wake atakuwa mwepesi wa kujumlisha na kutoa, na ataijua rangi kwa kina. Simwahidi zaidi ya hapo, na kwangu mimi hayo ni mengi.

Nina jambo moja linalonisumbua, na ninaomba mwenye ujuzi anisaidie. Niliwahi kumlipia mpwa wangu programu moja ya simu ya aina hii. Pesa ziliendelea kukatwa mwezi baada ya mwezi hata alipokwisha kuacha kucheza, lakini hilo nimelimeza. Lililoniumiza ni kwamba mchezo ule ulimwonyesha buluu na manjano zikichanganyika na kutoa kijivu. Mtoto aliyekwishachanganya rangi hizo kwa mkono wake akaja kuniuliza kama mimi ndiye niliyemfundisha vibaya.

Kijana wa Malindi

Waalaikumu salaam, Mwalimu. Ninaandika programu za simu hapa Malindi, na jambo hilo nimekutana nalo kazini. Hukumfundisha vibaya mpwa wako. Mtengenezaji wa mchezo ule alifanya hesabu sahihi katika mahali pasipofaa.

Skrini ya simu huchanganya mwanga, haichanganyi rangi za kupaka. Kila nukta yake ina taa tatu ndogo, nyekundu, kijani na buluu, na kila taa hupewa kiwango kuanzia 0 hadi 255. Hivyo ni viwango 256, na 256 ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu inatoa rangi 16,777,216. Katika mwanga, nyekundu kamili ikikutana na kijani kamili hutoa manjano, jambo ambalo watoto hawaliamini mpaka walione, kwa hiyo manjano huandikwa 255, 255, 0. Buluu huandikwa 0, 0, 255. Ukichukua wastani wa rangi hizo mbili, taa ya nyekundu inapata nusu ya 255, ya kijani nusu ya 255, na ya buluu vilevile nusu ya 255. Taa zote tatu zikiwaka kwa kiwango kimoja kisicho kamili, jicho linaona kijivu. Ndicho alichokiona mpwa wako.

Rangi ya kupaka hufanya kazi kwa njia nyingine, kwa sababu inanyonya mwanga. Manjano hunyonya sehemu ya buluu ya mwanga wa jua, buluu hunyonya sehemu ya nyekundu, na kinachosalia kurudi kwenye jicho ni kijani. Anayetaka mchezo wa simu ufanane na kikombe lazima aandike hesabu ya kunyonya badala ya ile ya wastani, nayo ni ndefu zaidi. Wengi hawajishughulishi.

Huu si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1861 James Clerk Maxwell alionyesha mjini London picha ya utepe wenye rangi, iliyopigwa mara tatu kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na buluu, kisha zikamulikwa pamoja ukutani kwa mianga ya rangi hizo hizo. Simu zetu zingali zinafuata njia hiyo.

Nina swali pia. Katika mchezo wako nyekundu ni 1. Mtoto akitoa vizibo viwili vyekundu anapata 2, na 2 ni buluu. Unamjibu nini?

Mwalimu wa Langoni

Ahsante sana, mwanangu. Maelezo yako nimeyasoma mara mbili, na jana nimewafanyisha watoto wa darasa la sita hesabu hiyo ya nusu ya 255 kwa kichwa. Wengi walisema 127 na nusu bila kushika kalamu, na walipoambiwa kwamba namba hizo tatu zilizo sawa ndizo kijivu, walitaka kujua mara moja ni namba zipi zilizo nyeupe na zipi zilizo nyeusi. Walizitambua wenyewe: 255 tatu na sifuri tatu.

Swali lako ni la haki, na aliyeliuliza kwanza alikuwa msichana wa miaka tisa. Kanuni yetu ni kwamba kila rangi huingia mara moja tu katika mchanganyiko. Sikuiweka ili kuziba pengo. Nyekundu juu ya nyekundu hubaki nyekundu, hakuna kilichobadilika, ilhali moja na moja haiwezi kubaki moja. Namba hukua unapoirudia, na rangi haikui. Nilimwachia msichana yule alifikirie usiku mzima, na kesho yake alikuja akasema kwamba kizibo kinauliza swali moja tu: rangi hii imo au haimo? Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo kutoka kwa mtu mzima.

Kijana wa Malindi

Amegusa msingi wa kompyuta bila kuambiwa. Moja, mbili, nne, nane, kila moja ikiwa imo au haimo: ndivyo namba zote zinavyohifadhiwa ndani ya mashine. Hata ile 255 ni jumla ya 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128.

Fundi wa Matondoni

Amani kwenu nyote. Mimi hupaka majahazi na mashua, na nimeusoma uzi huu kwa furaha kwa sababu watu hudhani kazi yetu ni ya mkono pekee. Mwalimu, mchezo wako wa vizibo ni mzuri, lakini unasema "kijani toa manjano ni buluu". Kwenye kopo hakuna kutoa. Maji yakimwagika hayazoleki, na rangi ikiingia kwenye rangi haitoki.

Nitawapa mfano wa mwaka jana. Tulikuwa tunatengeneza samawati ya ubavuni mwa mashua, na kipimo nilichokipanga kilikuwa vikombe 20 vya nyeupe kwa kikombe 1 cha buluu. Kijana wangu, ambaye ni mchapakazi, akatia vikombe 3 vya buluu kwa haraka. Hapo huwezi kuchovya na kuitoa. Ili kuirudisha rangi ile nilihitaji nyeupe vikombe 60, na ndani vilikuwamo 20 tu, kwa hiyo vilikosekana 40. Nilikuwa nimebakiwa na vikombe 12. Mashua ile imepakwa buluu iliyokoza, na mwenyewe alikubali, lakini mimi ninapoiona imefungwa gatini naikumbuka hesabu ile.

Tangu hapo kijana hafungui kopo kabla ya kunitajia hesabu kwa mdomo. Na kanuni yetu ni kuanza na rangi iliyo hafifu, kisha kutia iliyo kali kidogo kidogo, kamwe si kinyume. Je, unao mchezo wa hesabu za aina hiyo?

Mwalimu wa Langoni

Bwana Fundi, umenigusa, kwa sababu mchezo wa vikombe ndio ninaoupenda zaidi na nilikuwa bado sijaueleza.

Vizibo vinafundisha rangi gani imo. Vikombe vinafundisha imo kwa kiasi gani. Kila kundi la watoto lina kikombe cha manjano, kikombe cha buluu, kijiko cha chai na kikombe kitupu. Ninapaka kwenye karatasi ya manila kijani kibichi cha vijiko 3 vya manjano kwa kijiko 1 cha buluu, nao wanapaswa kukifikia. Wakishakifikia ninauliza: mkitaka vijiko 20 vya kijani hiki mtatia vingapi vya kila rangi? Sehemu ni nne, kwa hiyo kila sehemu ni vijiko vitano: 15 na 5. Kisha linakuja swali ambalo ndilo la mashua yako. Kikombe kina vijiko 10 vya manjano na 6 vya buluu, kirekebisheni. Mtoto wa kwanza kila mara husema, "Toa buluu." Ninamkabidhi kijiko na kumwambia atoe. Anakitazama kile kikombe, ambacho chote kimekwisha kuwa kijani, na kijiko kinabaki hewani. Ni lazima aongeze manjano mpaka ifike 18, yaani vijiko 8 zaidi, na hesabu hiyo ameifanya akiwa amesimama, bila kalamu, kwa sababu rangi imemzuia asifanye nyingine.

Kuna jambo la tatu katika vikombe ambalo kwangu ni la ajabu zaidi. Moja na mbili, kisha nne, ni saba; mbili na nne, kisha moja, ni saba vilevile. Mpangilio haubadilishi kitu. Lakini changanya nyekundu na buluu nusu kwa nusu, kisha zambarau hiyo uichanganye nusu kwa nusu na manjano. Ndani yake manjano ni nusu nzima, nyekundu ni robo na buluu ni robo. Sasa anza na buluu na manjano, kisha umalizie na nyekundu: sasa nyekundu ndiyo nusu. Rangi ni zile zile tatu, kila moja imeingia mara moja, na vikombe viwili vinatofautiana mbele ya macho yako, kimoja kikielekea manjano na kingine kikielekea wekundu. Anayeingia mwisho ndiye anayetawala. Wakubwa kidogo huwapa namba walithibitishe: wastani wa 8 na 4 ni 6, na wastani wa hiyo 6 na 2 ni 4, lakini ukianza na 4 na 2 unapata 3, na wastani wa 3 na 8 ni tano na nusu.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema kwamba rangi katika michezo hii ni pambo la kumvuta mtoto tu. Hesabu za kujumlisha zina kanuni zake, na rangi ina za kwake, na mahali zinapoachana ndipo mtoto anapolazimika kufikiri. Bao letu lina kete 64 na mashimo 32, na wachezaji wake huhesabu kwa jicho kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini kete zote ni za namna moja. Hapa kila kete ina tabia yake.

Bi Mkubwa wa Shela

Mwalimu, Mungu akubariki. Mama yangu ana miaka 74 na ameanza kusahau alipoweka vitu. Mjukuu wake amemwekea mchezo wa namba na rangi kwenye simu, na wamemwambia kwamba utamzuia asisahau. Anaucheza kila usiku, lakini akishindwa huhuzunika. Je, aendelee?

Mwalimu wa Langoni

Bi Mkubwa, mpe mama salamu zangu. Swali lako ni zito na nitalijibu kwa uangalifu. Mwaka 2002 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti mkubwa unaoitwa ACTIVE, uliowahusisha wazee 2,832 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Waliofundishwa mbinu za kukumbuka waliendelea katika kukumbuka, waliofundishwa kufikiri waliendelea katika kufikiri, na waliofundishwa wepesi wa kuona na kutambua waliendelea katika huo. Kila kundi lilivuna lilichopanda. Kwa hiyo mchezo wa hesabu na rangi utamfanya awe mwepesi wa hesabu na rangi, na kama unampa raha, raha hiyo ni haki yake. Lakini kusahau alipoweka vitu ni jambo la kumpeleka kwa daktari amsikilize na kumpima, kwa sababu baadhi ya sababu za kusahau zinatibika, na mchezo usiwe ndio uliowachelewesha.

Na hiyo huzuni ya usiku mimi nisingeiacha iendelee. Zimeni kile kipimo cha muda kama programu inaruhusu, au mjukuu akae naye wacheze kwa vizibo. Kucheza na mtu ni bora kwake kuliko kukimbizana na saa.

Baba Watatu

Mwalimu, mwanangu wa kiume wa pili huchanganya nyekundu na kijani. Embe bivu na bichi kwake ni mamoja mpaka aliguse. Mchezo wa rangi si utamdhalilisha mbele ya wenzake?

Mwalimu wa Langoni

Baba Watatu, ninakujibu kutokana na mtoto niliye naye kwenye daka, na jina lake nitalihifadhi.

Mwaka wa kwanza vizibo vyetu vilikuwa na rangi tupu, bila namba juu yake. Mvulana mmoja, mwerevu wa hesabu kuliko wote, alikuwa akikosea kila mara, na nilidhani hasikilizi. Siku moja nilimwona amekichukua kizibo, akakisogeza nje kwenye jua, akakigeuza, akakirudisha kivulini, kisha akamnong'oneza mwenzake, "Hiki ni kipi?" Niliona aibu kwa miezi yote niliyomgombeza. Upofu wa rangi wa namna hii huzaliwa nao mtu. Mwanakemia John Dalton, aliyekuwa nao, aliueleza mbele ya wanazuoni wa Manchester mwaka 1794. Kwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya humpata takriban mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200, kwa sababu aina iliyo ya kawaida zaidi hurithiwa kupitia kromosomu ya X, na mwanamume anayo moja tu, aliyoipata kwa mama yake.

Usiku ule nilikaa na kalamu ya wino usiofutika nikaandika namba kwenye kila kizibo. Kesho yake yule mvulana alikaa mbele. Wenzake wanaijua sita kwa kuwa wanaiona kijani. Yeye anakijua kijani kwa kuwa ni sita. Katika ile hatua ya wino mwekundu, inayowakwamisha wengine wote, yeye hakwami hata kidogo, kwa sababu wino haumvuti popote. Mwekee mwanao namba kwenye vizibo. Na mpeleke kupimwa kwa vile vibao vya nukta vya Ishihara, vilivyotungwa Japani mwaka 1917, ili walimu wake wajue mapema wasije wakafanya nilivyofanya mimi.

Fundi wa Matondoni

Mwalimu, swali moja la mwisho. Nyeupe je? Kwetu sisi nyeupe ndiyo inayoingia kwenye kila kopo, nawe hukuipa namba.

Mwalimu wa Langoni

Nimeupeleka ujumbe wako dakani kwetu leo hii alasiri, Bwana Fundi, nikawasomea watoto, kisha nikawapa kizibo cheupe na kuwaacha waipe namba wenyewe. Mmoja akasema 3, wakamkatalia kwa sauti moja kwamba hiyo ni zambarau. Wakaijaribu 5, ikawa chungwa. 6 ni kijani. 7 ni matope. Walinyamaza kwa muda. Kisha yule msichana wa "imo au haimo" akachukua kalamu, akaandika 8, na kabla wino haujakauka wengine walikuwa wameshaanza: tisa ni waridi, kumi ni samawati ya mashua ya Fundi. Wamefika 14 na wamekubaliana kwamba ni kijani hafifu. Ya 15 bado wanabishana ni rangi gani, na wameniomba vikombe vinne kesho.